Kugeuza wimbo wa gemu kuwa wa okestra: hatua ninazofuata, na ile iliyonichukua siku tatu

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kwangu Tudor, Mombasa, na laptopu yake, akanivisha hedifoni nisikilize kazi aliyoipanga wiki nzima. Ulikuwa ule wimbo wa Tetris ya Game Boy, ya mwaka 1989, ambao watu wanaujua hata kama hawajui jina lake.

"Mjomba, nimeweka vyombo vyote," akaniambia.

Na kweli vilikuwamo vyote: fidla, selo, honi, tarumbeta, timpani, hadi kinubi, vikilia kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tulikaa jioni mbili tukaupanga upya. Hatua tulizofuata naziandika hapa kwa sababu nimeulizwa maswali yaleyale na vijana watatu mwaka huu.

Hatua ya 1: Ujue wimbo ulifungwa na nini

Mtunzi wa gemu za zamani hakuwa na uhuru tulio nao. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na chaneli tano za sauti: mbili za wimbi la mraba, moja ya pembetatu ambayo kwa kawaida hubeba besi, moja ya kelele inayoigiza ngoma, na moja ya vipande vya sauti iliyorekodiwa. Game Boy ilikuwa na nne. Kwa hiyo aliyekuwa akitunga alikuwa na sauti tatu tu za kuimbia. Ukiwa umeimba kwaya utanielewa haraka: soprano, alto na besi, sauti ya tenor haipo.

Ufinyu huo ulizaa ujanja, na ujanja huo ndio unaowapoteza wapangaji wapya. Ukisikia noti tatu zinakimbizana mbiombio kama king'ora, usimpe mpiga filimbi azifukuzie. Mtunzi alitaka sauti tatu zilie pamoja, akakosa nafasi, akazipokeza kwa kasi ili sikio liziunganishe lenyewe. Wape viola na selo wazishike kwa utulivu. Vilevile, chaneli ya pili ikirudia melodia kwa sauti ndogo na kwa kuchelewa kidogo, huo ni mwangwi wa kuigiza. Okestra ina ukumbi, haihitaji fidla ya pili ifanye kazi hiyo.

Jambo moja kwa tuliokulia hapa: Kenya tulitumia mfumo wa televisheni wa PAL, hertzi 50 (mara 50 kwa sekunde), na gemu nyingi ziliandikwa kwa hertzi 60. Mashine ya PAL ikicheza gemu ambayo haikurekebishwa, wimbo wa mapigo 150 kwa dakika unashuka hadi 125. Usiamini mwendo unaoukumbuka kutoka sebuleni kwenu. Tafuta rekodi ya asili upime.

Kuhusu haki: melodia ya wimbo huu wa Tetris ni ya kienyeji ya Urusi, inaitwa "Korobeiniki", haina mwenyewe. Mpangilio uliomo ndani ya gemu una mwenyewe. Ndiyo maana nawaanzisha watu na huu, na tunapanga kutoka kwenye melodia.

Hatua ya 2: Andika mistari mitatu tu

Melodia, besi, na sauti ya kati. Mimi natumia MuseScore, ni ya bure, na sitaki kuona mtu akianza na maktaba ya sauti (vyombo vilivyorekodiwa tayari) kabla ya kuandika noti. Sauti tamu za fidla zinaficha mpangilio mbovu. Iandike, ipigishe kwa piano kavu, usikilize.

Hatua ya 3: Amua nani anasema na nani anangoja

Melodia yenyewe kwa solfa inaanza hivi: mi, ti do re, do ti la, la do mi, re do ti, do re mi do la la. Mpwa wangu aliipa fidla ya kwanza, tarumbeta na filimbi kwa pamoja, kisha akaweka melodia nyingine ya kujibu juu yake, zote zikienda kwa wakati mmoja.

Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyepiga fidla kwenye taarab miaka mingi. Mzee akasikiliza mzunguko mmoja, akavua hedifoni.

"Mwimbaji yuko wapi hapa?"

Kijana akamwonyesha melodia.

"Basi hawa wengine mbona wamkatiza? Fidla humngoja mwimbaji amalize ubeti, ndipo hujibu."

Tukarudi nyumbani, tukatafuta mapengo. Baada ya "la la" pana nafasi ya pumzi moja. Jibu la fidla tulilisogeza hapo, noti tano tu badala ya vipimo viwili vizima, na kwa mara ya kwanza wimbo ukasikika kama watu wawili wanaozungumza.

Kosa la pili lilikuwa la pumzi. Chipu haipumui, kompyuta haipumui, mpiga tarumbeta anapumua. Tulimwomba jirani anayepiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa Changamwe aijaribu sehemu yake kama ilivyoandikwa. Alifika katikati ya mzunguko wa pili, akashusha chombo, akafuta mdomo. Hapakuwa na hata pengo moja tangu mwanzo. Hata kama wimbo wako hautapigwa na mtu kamwe, weka mapengo hayo, kwa kuwa msikilizaji anayahisi. Mimi huimba kila mstari wa chombo cha kupuliza kwa sauti yangu. Nikikosa hewa, nakata.

Mipaka ya vyombo mtaiona kwenye MuseScore yenyewe, noti zinageuka rangi zikivuka. Ila haitawaambia kwamba filimbi kwenye noti zake za chini ni dhaifu na tarumbeta mbili zitaizima kabisa. Solo ya chini ya filimbi inataka nyuzi laini nyuma yake, na vyombo vya shaba, yaani tarumbeta na honi, vinyamaze.

Hatua ya 4: Nyuzi zinazochelewa

Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu mwaka nilipoanza, na ndipo mpwa wangu alipokuwa amekwama bila kujua.

Ukishaandika, unahamishia noti kwenye programu ya kurekodia. Mimi natumia Reaper na sauti za BBC Symphony Orchestra Discover, ambazo ni za bure na hazilemei laptopu ya gigabaiti 8. Unabonyeza chezesha, ngoma ziko sawa, nyuzi za kudonoa kwa kidole ziko sawa, lakini fidla za noti ndefu zinaburuta kama mtu anayetembea na ndara kubwa. Kwenye skrini kila noti imekaa juu ya mstari wake barabara.

Tatizo haliko kwenye noti. Sauti hizo zilirekodiwa na watu halisi, na upinde ukigusa uzi huchukua muda kabla sauti haijajaa. Tuseme ni milisekunde 100. Kwa mapigo 150 kwa dakika, nusu ya pigo ni milisekunde 200. Kwa hiyo kila noti fupi ya nyuzi inafika wakati nusu yake imeshapita.

Nilichofanya mimi zamani ni kuzivuta noti kwa mkono, moja moja, kwenda kushoto. Usiku wa tatu zikasikika vizuri. Kisha nikachapisha noti nimpe mpiga fidla, zikatoka na vipande vya noti vilivyounganishwa kwa mistari ya kufunga noti, na alama ndogo za kimya zisizosomeka. Nikafuta zote. Noti ziache kwenye mstari. Unachosogeza ni traki, yaani mstari mzima wa chombo kwenye programu: kwenye Reaper, fungua dirisha la miunganisho ya traki, utaona sehemu ya kuweka tofauti ya uchezaji kwa milisekunde. Weka namba hasi, traki nzima itatangulia.

Tahadhari zake sasa. Noti ndefu na noti za kurusha upinde hazichelewi sawa, kwa hiyo kila aina ya upigaji iwe na traki yake. Ukiziweka pamoja, ukirekebisha moja unaharibu nyingine. Usipime kwa kutazama picha ya wimbi linapoanzia, kwa kuwa linaanza mapema kuliko sikio linavyoisikia noti. Weka pigo la ngoma na noti moja ya fidla mahali pamoja, rudiarudia, sogeza milisekunde 10 kila mara hadi viwili viwe kitu kimoja. Acha vipimo viwili vitupu mwanzoni mwa wimbo, la sivyo noti ya kwanza itakatwa kichwa kwa kuwa hakuna mahali pa kutangulia. Ukirekodi kwa kinanda, hakikisha kwanza traki imerudishwa sifuri. Noti zinazopigwa kwa upole huchelewa zaidi ya zile za nguvu kwenye maktaba nyingi, kwa hiyo sehemu tulivu zisikilize tena. Na wimbo ukiwa wa polepole, usiguse kitu. Kule kuingia taratibu kwa nyuzi ndiko kunakoupa uzuri.

Hatua ya 5: Mwangwi

Ukumbi mmoja kwa wote. Vyombo vya nyuma vipelekwe mwangwi mwingi zaidi, basi.

Hatua ya 6: Kuupima

Usiupime usiku uleule. Lala. Asubuhi mimi husikiliza kwa spika ya simu, kisha kwa hedifoni nikiwa kwenye feri ya Likoni. Melodia ikipotea kwenye kelele za feri, kuna chombo kinaikatiza. Ukilinganisha na kazi ya mwingine, zisawazishe kwanza ukubwa wa sauti, kwa kuwa sikio hupenda iliyo juu zaidi na kuidhania ni bora.

Kisha natoa sauti zote za okestra, napigisha mpangilio kwa piano peke yake. Je, kuna kitu ambacho gemu haikuwa nacho? Kama noti ni zilezile na kilichobadilika ni vyombo, kazi haijaanza. Na mtu aliyecheza gemu atautambua ndani ya vipimo vinne? Jamii ya OverClocked ReMix, iliyoanza mwaka 1999, ina waamuzi wanaosikiliza kwa mizani hiyohiyo miwili: wimbo wa asili usikike, na mpangaji awe ameongeza chake. Alama za asilimia sizitaki kwa vijana. Nawaandikia dakika na sekunde, na kile nilichosikia hapo: "1:12, honi zimefunika selo."

Mpwa wangu alipata mistari kumi na nne ya namna hiyo. Aliondoa kinubi, akanyamazisha tarumbeta mzunguko wote wa kwanza, na kwenye mzunguko wa pili tukaiwekea alama ya pumzi, ule mkato mdogo juu ya mstari, baada ya kila "la la". Jumapili baada ya ibada jirani wa Changamwe alikuja na chombo chake. Akaipiga yote, akivuta hewa palepale tulipoweka mkato.