Kutoka Raskazone mpaka Jinja, Uganda: jinsi ya kwenda kupiga kayaki mto Nile na washkaji

Nianze na kitu kinachotuponza sisi wa Tanga, tunajua kuogelea. Umekulia Raskazone, ukiambiwa habari ya mto unasema mto kitu gani bwana. Sasa sikia, baharini wimbi linakuja linapita, maji yenyewe yanapanda na kushuka palepale. Kwenye mto wa kasi ni kinyume, wimbi limesimama palepale kwenye jiwe lake usiku na mchana, maji ndo yanayopita, na yanapita na wewe. Alafu hayana chumvi kwahiyo huelei kama ulivyozoea, na hakuna kusema tusubiri yakupwe.

Kwahiyo kabla hamjachanga hata shilingi, mazoezi yaanze nyumbani. Tafuteni kayaki, kile kiboti chembamba cha kupiga kafi, siku bahari imetulia nendeni kwenye maji ya kifuani, mmoja akae ndani mwingine asimame pembeni, mpindueni. Makusudi kabisa. Kayaki ya mtoni ina ile sketi unayovaa kiunoni ukaibana kwenye tundu la boti maji yasiingie, sasa boti likipinduka uko kichwa chini miguu imebanwa ndani na akili yote inakimbia. Dawa yake: inama mbele kama unalikumbatia boti (ukilala nyuma uso ndo unakutana na mawe), papasa mkanda wa sketi uvute, alafu jisukume utoke. Na kila ukivaa sketi hakikisha mkanda umebaki nje. Mwenzetu mmoja aliufunika ndani bila kujua, bahati nzuri ilikuwa hapahapa Tanga maji ya kifuani tukamgeuza fasta, akatoka kimya hakuongea na mtu mpaka jioni. Rudieni hata mara ishirini mpaka iwe kama kufunga kifungo cha shati.

Kafi mtalizoea, tofauti na la mtumbwi hili lina bapa pande zote mbili.

Safari yenyewe haina mambo mengi. Paspoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, chanjo uchome siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Mnatoka Horohoro, Mombasa, Nairobi, mnavuka Busia au Malaba. Mabasi ya Nairobi kwenda Kampala yanapita Jinja, mwambieni konda mapema la sivyo mtaamkia Kampala, kilomita kama 80 mbele. Hela ichangwe kabla, ishikwe na mtu mmoja, na asiwe yule mcheshi wa kundi. Bebeni dola zisizochakaa maana noti kuukuu wanazikataa. Chakula msihofu, kuna rolex, chapati imeviringishwa na mayai, mbili unashiba mpaka usiku.

Kuhusu mto, usitegemee simulizi za zamani. Maporomoko ya Bujagali yalimezwa na bwawa la umeme lililokamilika 2012, na bwawa la Isimba la 2019 likafunika mengine huko chini. Yaliyobaki bado yanatisha vya kutosha, na wingi wa maji unategemea bwawa la juu limefungulia kiasi gani, ndo maana muongozaji wa palepale ni lazima, usijifanye mjuaji. Maji ya kasi yanapimwa daraja 1 mpaka 6, la 6 ni la kuchungulia kifo. Kwenye maporomoko ya Itanda mkiambiwa bebeni boti begani mpite nchi kavu, bebeni, hakuna atakayewacheka. Asiyejua kuogelea vizuri apande lile boti kubwa la mpira au kayaki ya watu wawili na muongozaji, inatosha kabisa kupiga kelele.

Sasa kusoma maji. Ukiona V nyororo ncha yake inaelekea huko mnakokwenda, hapo ndo njia. V iliyokugeuzia ncha wewe, kuna jiwe. Nyuma ya jiwe kubwa maji yanajizungusha yanarudi kinyumenyume, hapo ndo kijiwe cha kupumzika, ingieni mmojammoja mhesabiane. Maji yakikusukuma kwenye jiwe egemea jiwe, usilikimbie, ukiegemea upande wa maji boti linapinduka saa hiyohiyo (hili mwili unakataa kabisa, mi ilinichukua siku mbili). Ukifika kwenye wimbi usiache kupiga kafi, wengi wanapinduka kwa kushangaa. Ishara: kafi limesimamishwa juu, njoo, limelazwa juu ya kichwa, simama. Na mkono unaonyesha njia nzuri tu, usionyeshe hatari hata siku moja maana mwenzako atadhani unamwita huko.

Ukitoka ndani ya boti ukawa unaelea, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. USISIMAME hata kama maji ni ya mapajani. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili maji yanakulaza kifudifudi na hapo jaketi la kuelea halikusaidii. Boti liwe mbele yako, usikae kati yake na jiwe.

Mkirudi mabega yatauma wiki nzima, hilo la kawaida. Ila maji yale yana kichocho, na dawa yake inaua minyoo iliyokomaa, ukimeza ukishuka tu kwenye basi umemeza bure. Weka alamu kwenye simu, wiki 6 mpaka 8 baada ya safari, nendeni kituo cha afya wote pamoja, tena mnaanza na yule anayesema mi sijisikii chochote.