Kabla Hujang'oa Dirisha la Nyumba Kongwe Dar

Fundi akishapiga tindo la kwanza, maswali yote yaliyokuwa mezani yanageuka gharama. Kwenye nyumba mpya ya tofali za saruji dirisha hupachikwa mwishoni, ukilitoa tundu linabaki vilevile likisubiri jingine. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa haiko hivyo. Fremu ya mvule iliyokaa humo miaka sabini imeshikana na ukuta, na mara nyingine ndiyo inayobeba mawe ya juu yake. Nilijifunza hayo kwenye nyumba aliyotuachia babu, upande wa mjini kuelekea bahari, yenye madirisha kumi na moja ya shata za vibao. Leo matatu ni ya aluminiamu na manane yamerudi kuwa ya mbao. Hesabu hiyo haikuwa kwenye mpango wetu.

Anza na swali ambalo watu hulikwepa: nani mwenye kauli juu ya hii nyumba? Nyumba kongwe nyingi za Dar ni za urithi. Anayekaa ndani si lazima awe ndiye mwenye haki ya kubomoa chochote. Kama mali ya marehemu haijagawanywa, mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na sahihi yake iwepo kwenye karatasi kabla hujalipa hata advansi. Sisi tuliona ni jambo dogo, madirisha tu. Siku mafundi wanashusha vifaa, shangazi akashuka kwenye bajaji na mkoba wake kwapani, akakaa barazani, akasema, "Haya, wanangu. Mnataka kuuza?" Ilituchukua wiki nzima na vikao viwili kumwelewesha kwamba hakuna anayeuza. Nampa haki yake: mjini hapa nyumba ikianza kupigwa nyundo bila ukoo kuambiwa, mara nyingi kuna dalali nyuma yake.

Kama wewe ni mpangaji kwenye jengo la zamani la katikati ya jiji, huenda mwenye nyumba wako ni Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Majengo mengi ya Uhindini ya zamani yalitwaliwa kwa Sheria ya Utwaaji Majengo ya 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na NHC. Hapo dirisha si lako hata kama umelipaka rangi kila Idi. Andika barua, subiri jibu la maandishi. Na mwenye fleti iliyo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya 2008 azungumze kwanza na umoja wa wamiliki, kwa sababu uso wa nje wa jengo ni wa wote.

Baada ya ukoo, ulizia kama nyumba yenyewe inalindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Kwa mji kama Dar huo ni mwaka wa ajabu kidogo, kwa sababu Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kujenga hapa miaka hiyo ya 1860. Boma la Kale pale Sokoine Drive, na kuta zake nene za matumbawe, ni la zama hizo. Kwa hiyo karibu majengo yote unayoyaita ya kale mjini, ya Mjerumani na ya Mwingereza, hayalindwi kwa umri wake. Yanalindwa pale tu yalipotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ama jengo lenyewe ama eneo lilimo. Huwezi kulijua hilo kwa kulitazama jengo. Nenda Idara ya Mambo ya Kale na namba ya kiwanja na picha, uulize. Likiwa limetangazwa, hata kubadili vibao vya shata kwa vioo ni jambo la kuombea ruhusa, na usishangae ukiambiwa urudishe mbao ileile, umbo lilelile.

Halafu ndiyo halmashauri. Jua kwanza unakwenda ipi, maana ramani ilibadilika: tangu Februari 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo Kivukoni, Kisutu, Upanga na Kariakoo zote ziko huko. Oysterbay, Msasani na Kunduchi ni Kinondoni. Ng'ambo ya feri una Kigamboni, ambayo ni manispaa yake yenyewe. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 uendelezaji unahitaji kibali, na ubishi wote uko kwenye neno "uendelezaji". Kutoa fremu iliyooza na kurudisha nyingine ya saizi ileile mahali palepale ni kitu kimoja. Kupanua tundu, kuziba dirisha moja, kutoboa jingine au kugeuza dirisha kuwa mlango ni kitu kingine kabisa, na hapo utadaiwa michoro. Ushauri wangu: usijiamulie mwenyewe kwamba yako ni marekebisho madogo. Piga picha kila dirisha ndani na nje, andika vipimo vya sasa na unavyotaka viwe, ambatisha nakala ya hati au leseni ya makazi na barua ya serikali ya mtaa, umpelekee afisa mipango miji. Akisema hakihitajiki kibali cha ujenzi, mwombe aandike. Maneno ya mdomo hayamsaidii mtu siku gari la ukaguzi limesimama nje na kijana anashuka na kopo la rangi nyekundu kuchora X ya kubomoa.

Nyumba ikiwa ufukweni kabisa, kumbuka pia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Dirisha kwenye ukuta uliokuwepo halijengi kitu kipya, lakini nimeona watu wakianza na dirisha, likawa dirisha kubwa, likazaa veranda, veranda ikaota nguzo. Usiwape sababu ya kuja kupima.

Jirani hayumo kwenye fomu nyingi, ila yumo kwenye maisha yako. Nyumba zetu za Kiswahili zilijengwa na ukuta unaoficha uani, na madirisha ya ubavuni yaliwekwa juu ama madogo kwa makusudi. Ukilishusha dirisha futi mbili ili upate upepo, kumbe umefungua sinema kwenye ua wa watu wanakokoga na kupikia. Piga hodi kwanza. Vilevile shata zinazofunguka nje kuelekea barabarani: zamani zilifunguka hewani, leo chini yake kuna meza ya mmachinga na kichwa chake.

Sasa ukuta. Hapa ndipo hela huenda. Chukua bisibisi, uikandamize kwenye plasta pembeni mwa fremu. Ikizama kama kwenye mkate, chokaa imekwisha nguvu na kabla ya dirisha una kazi ya ukuta. Angalia juu: dirisha nyingi za zamani zina boriti za mikoko badala ya linta ya zege. Gonga. Ikilia kama ngoma, mchwa wamekwishapita. Fremu kama hiyo haitolewi bila kusimamisha mirunda miwili na kipande cha mbao juu yake kubeba mawe. Kwetu fundi aliruka hatua hiyo kwenye dirisha la ukumbini. Fremu ilitoka vizuri, tukapiga makofi, kisha jiwe moja la ukubwa wa kichwa cha mtoto likashuka taratibu, likafuatwa na wenzake watatu. Hakuumia mtu. Ndiyo maana naandika kwa utulivu.

Kuziba mapengo kwa saruji ndiyo kosa la kila siku, na fundi atakuambia ni imara zaidi. Ni ngumu zaidi, kweli. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Ukiuzungushia saruji, unyevu hutafuta njia kwenye jiwe lenyewe, na baada ya masika mbili utaona chumvi nyeupe kama unga ikichanua kuzunguka dirisha jipya, halafu plasta inabanduka vipande kwa vipande. Tumia chokaa na mchanga wa mtoni, kamwe usitumie mchanga wa ufukweni, ambao huja na chumvi yake. Na rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu: usizichome wala kuzisugua kavu. Zilowanishe, kusanya mabaki, watoto wakae kwa bibi siku hizo.

Kabla ya kuchagua dirisha jipya, hesabu kwa uaminifu kama la zamani limekufa. Mara nyingi kilichooza ni ubao wa chini tu, ule unaokusanya maji, na bawaba zilizoliwa na kutu. Fundi seremala mzuri wa Keko anaweza kukata kipande kibovu na kuunga mninga. Sisi tuligundua hilo baada ya kwisha kununua aluminiamu tatu, basi.

Aluminiamu si adui. Hailiwi na mchwa, haivimbi. Lakini lile la kuslaidi lenye vioo viwili hufunguka nusu tu: tundu la futi tano linakupa futi mbili na nusu za hewa. Shata ya vibao hata ikifungwa inapitisha upepo na kuzuia jua. Keti chumbani saa tisa mchana umeme umekatika mwezi wa pili, kaskazi imelegea, utaelewa wazee walikuwa wanafikiria nini. Ukitaka aluminiamu upande wa bahari, chukua la kufunguka kama mlango. Skrubu ziwe za stenlesi, kwa sababu za kawaida hazimalizi mwaka mbele ya upepo wa chumvi, na weka kipande cha mpira popote aluminiamu inapogusa chuma cha nondo, maana vikikutana penye chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa. Chini ya fremu kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vitazame. Fundi wetu, kwa nia njema kabisa, aliviziba kwa silikoni "maji yasiingie". Mvua ya kwanza ya kusi ilijaza reli kama mfereji, ikafurika ndani, ikamwagikia godoro.

Nondo: acha angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala lenye nondo za kufunguka kwa komeo la ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo mtoto anapajua gizani. Wezi tunawaogopa kila usiku, moto tunausahau.

Vipimo ni haraka kusema na rahisi kukosea. Ukuta wa zamani hauna pembe. Pima upana juu, kati na chini, urefu kushoto, kati na kulia, kisha kona kwa kona. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote, upunguze tena milimita chache za nafasi. Kila dirisha lipewe namba yake, iandikwe kwa chaki ukutani. Ukimsikia fundi anasema "yote ni nne kwa nne, bosi", mpe futi kamba mkononi.

Kuhusu majira, kazi ifanyike kati ya Juni na Septemba, masika imekwisha na vuli haijafika. Tulianza katikati ya Aprili kwa sababu fundi alikuwa na nafasi. Alikuwa na nafasi kwa sababu kila mwenye akili alikuwa anasubiri.

Mkataba uwe wa kurasa mbili zinazosomeka: aina ya mbao au unene wa aluminiamu, nani ananunua skrubu, nani anaondoa kifusi, nani anatengeneza plasta iliyobomoka. Malipo yafuate madirisha yaliyokamilika, si siku zilizopita. Na andika kwamba shata za zamani, bawaba na makomeo ni mali ya nyumba. Usipoandika, jioni utaziona zinaondoka kwenye guta, na baadaye utazikuta zinauzwa kama mapambo kwa bei inayouma.

Dirisha la kwanza kung'olewa liwe la stoo. Litoe, lirudishe, lipake, kisha mwage ndoo mbili za maji kwa nje huku mtu amesimama ndani na tochi. Sebule ingoje mpaka huyo wa ndani aseme pakavu.