SOMO: Kusoma karatasi ya majibu ya saratani ya mapafu

Wiki hii nimeonyeshwa karatasi mbili, moja ya mgonjwa wa Urambo, nyingine ya hapa hapa Tabora mjini. Zote zimejaa herufi na asilimia: TTF-1, Ki-67, PD-L1. Na wenye mgonjwa, wote wawili, swali lao ni moja: "Hizi namba zinasema atapona?"

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa saratani. Karatasi naweza kukufundisha kuisoma, ili ukifika kliniki uulize swali lenye kichwa na miguu.

Kwanza, tafuta jina la ugonjwa. Asilimia ziache hapo zilipo.

Saratani ya mapafu ina makundi mawili makubwa: ya seli ndogo na isiyo ya seli ndogo. Hii ya pili ndiyo inayowapata wengi, kama 85 katika kila wagonjwa 100. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe kikiwa kidogo kama punje ya mchele, darubini peke yake huweza kushindwa kusema ni ipi. Hapo maabara hupaka antibodi, na kila antibodi hunasa protini yake. Ikiipata, pale panageuka kahawia. TTF-1 ikiwa chanya, mara nyingi ni adenokasinoma, saratani ya seli za tezi. p40 ikiwa chanya, ni ile ya seli bapa. Sinaptofizini na kromogranini zikishika, wanaanza kufikiria seli ndogo.

Chanya na hasi za hapa si kama za malaria. Mzee mmoja alishangilia "p40 hasi" akidhani hana ugonjwa. Ilikuwa inataja ukoo wa ugonjwa tu.

Pili, tenga protini inayoeleza mwenendo na protini inayochagua dawa. Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ki-67 ni ya mwenendo. Inahesabu ni seli ngapi katika kila 100 ziko kwenye mbio za kujigawa. Saratani ya seli ndogo mara nyingi huvuka 60, wakati uvimbe wa pole uitwao kasinoidi huwa na namba ndogo sana. Lakini seli zinazokimbia ndizo pia tibakemikali inazozikamata vizuri mwanzoni, ndiyo maana seli ndogo hunywea haraka kwa dawa, kisha ikarudi.

ALK ni ya kuchagua dawa. Mabadiliko yake kwenye saratani ya mapafu yaliripotiwa na watafiti wa Japani mwaka 2007, na wenye nayo ni wachache. Ila mwenye ALK chanya akipata vidonge vyake, anaweza kuishi miaka mingi hata kama ugonjwa umesambaa. Protini ni ile ile. Kinachobadilisha habari ni kama dawa ipo mkononi.

PD-L1 nayo ni vazi. Seli ya saratani hulivaa ili askari wa kinga ya mwili wampite wakidhani ni mwenzao. Majibu ni asilimia ya seli za saratani zilizolivaa, na husomwa kwa mafungu matatu: chini ya 1%, 1 hadi 49, na 50 kwenda juu. Kadiri inavyopanda, ndivyo tiba ya kinga, yaani dawa za kuwaamsha askari hao, inavyoelekea kufanya kazi. Lakini usiisome kabla hujaona majibu ya ALK na ya jeni la EGFR, ambalo nalo ni la kuchagua dawa. Hayo yakiwa chanya, PD-L1 hata ya 80% inaweza kudanganya, maana kwa wagonjwa hao tiba ya kinga peke yake mara nyingi haifui dafu.

Tatu, vipimo vya damu soma kwa mfululizo. CEA, CYFRA 21-1, NSE na ProGRP ni protini zinazopimwa kwenye damu kufuatilia saratani, na kipimo kimoja hakisemi mengi. Maabara nyingi huweka mpaka wa CEA kwenye nanogramu 5 kwa mililita, na mvuta sigara huweza kuuvuka bila saratani yoyote. ProGRP hupandishwa na figo zilizochoka. NSE imo hata ndani ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo damu ikitikiswa kwenye gari njia nzima, chembe zikapasuka, namba inapanda yenyewe. Damu ya NSE itenganishwe pale pale ilipotolewa, ndipo isafirishwe.

Nne, uliza ugonjwa umefika wapi, na mgonjwa ana nguvu gani. Umebaki kwenye pafu au umeshatoka? Anatembea mwenyewe au analala mchana kutwa? Haya mawili yana uzito kuliko protini zote nilizotaja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo daktari. CEA ya baba ilikuwa 8, sasa 11. Ugonjwa umerudi?*

Marahaba, ila udaktari sina. Je, imepimwa maabara ile ile? Mashine mbili huweza kutofautiana. Je, alikuwa na homa ya mapafu, au amerudia sigara? Mpeleke kliniki bila kungoja, irudiwe, na daktari aamue kuhusu picha ya CT. Nisingelia kwa sababu ya 11, lakini nisingeipuuza pia.

*Mama yetu Kaliua hajavuta hata siku moja. Ni moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku?*

Pole sana. Kwa mtu mmoja huwezi kusema ni hiki. Tumbaku yetu ni ya mvuke, moto unapita kwenye mabomba, ingawa anayechochea kuni usiku kucha moshi anaupata, na jikoni anaupata tena. La kuuliza sasa ni hili: adenokasinoma kwa asiyevuta ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kuwa na EGFR au ALK. Kama havijapimwa, ulizeni.

*Mimi mzima, nikapime CEA nijue mapema?*

Hapana. Itakutia hofu bure au ikupe amani ya uongo. Kwa mvutaji wa miaka mingi, kilichothibitika kupunguza vifo ni CT ya mionzi midogo. Na kikohozi kisichosikia dawa za kifua kikuu, huku makohozi hayaonyeshi vimelea, usikilee.

*Kaka, sema ukweli. PD-L1 ya 10%, ni miezi mingapi?*

Ndugu yangu, miezi haimo kwenye hiyo karatasi.

*Tumeambiwa EGFR haikupimwa. Akatwe kinyama tena?*

Huenda isilazimu. Kinyama cha kwanza kiligandishwa kwenye nta. Hiyo wanaiita bloku, na hutunzwa. Nenda na namba ya patholojia iliyo juu ya karatasi, si jina tu, maana majina yanafanana. Uliza kama nyama iliyobaki inatosha. Kama kilikaa kwenye fomalini siku nyingi kabla ya kushughulikiwa, huenda jeni limeharibika, na hapo kukata upya kuna maana.

*Namba ndiyo ile iliyoandikwa kwa kalamu pembeni?*

Hiyo ya kalamu inaweza kuwa ya faili. Tuma picha ya sehemu ya juu tu, funika jina la mgonjwa, nikuonyeshe.