Kuwasha jiko la mkaa bila kuumiza mapafu
Kwenye nyumba za kupanga Manzese au Tandale, Dar es Salaam, jiko hukaa koridoni, na hapo ndipo moshi unapokwama. Liwashie uani. Kung'uta majivu kwanza: yakiziba matundu ya chini hewa haipiti, mkaa unafuka tu. Washia vifuu vya nazi, si plastiki (harufu yake peke yake inatosha kukukataza). Mkaa uliolowa uanike. Ukigonga vipande vikalia kama kigae, umekauka. Subiri dakika 15 hadi 20, makaa yawe mekundu, yamevaa majivu meupe. Chembe za moshi zilizo chini ya mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita) hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto aliye mgongoni anazivuta vilevile. Moshi ukiisha, makaa bado hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu: usilale na jiko ndani, hata masika.