SOMO: Kumpiga picha modo nje kwa mwanga wa jua, bila flashi

Kila wiki swali ni lile lile: "Mbona anga limeungua na uso umekuwa giza?" Naandika mara moja, nimechoka kurudia.

1. Muda. Dar jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na huku kwetu linashuka wima. Mwanga wa dhahabu ni kama dakika 40 tu. Saa 11 modo awe ameshavaa na kupakwa poda.

2. Kamera. RAW (faili ghafi la kamera), ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), spidi ya shata isishuke chini ya 1/200 ya sekunde.

3. Kivuli, kama mnapiga mchana. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Tafuta kivuli cha ukuta au baraza, siyo cha mti wenye majani machache, maana jua hupenya na kumjaza modo madoa usoni ambayo huyafuti kwenye kompyuta ukabaki na ngozi ya mtu. Msimamishe hatua moja ndani ya mstari wa kivuli, uso ukielekea nje kwenye anga wazi. Ageuke taratibu huku unamtazama machoni. Kitone cheupe kikitokea kwenye mboni zote mbili, mwambie asimame hapo hapo.

Usimrudishe ndani mita tatu nne, mwanga unakufa. Usimpe mgongo nje ili barabara ionekane nyuma yake: kamera itaona barabara inawaka, itapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Nyuma yake nako pawe kivuli. Tazama na chini: nyasi hutupa ukijani kidevuni. Saruji au mchanga mweupe ni salama, tena humulika chini ya macho bure.

4. Rifulekta (ubao au kitambaa cha kurudisha mwanga usoni). Upande mweupe, usawa wa kifua, mita moja kutoka kwake. Ukiishusha magotini, kivuli cha pua hupanda juu na sura hutisha. Huna? Shuka nyeupe inatosha.

5. Pima mwanga wa uso, siyo wa anga. Ukipima kwa nukta (kamera isome sehemu ndogo tu) kwenye ngozi nyeusi, kamera huilazimisha iwe ya kijivu, kwa hiyo punguza mwanga kama theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake). Ukipima fremu nzima na jua liko nyuma yake, ongeza stopu moja au moja na nusu.

MASWALI

— Mkuu nipe settings za mchana.
Hatua ya 2 na ya 5. Soma kwanza.

— Nimefuata yote, bado ngozi ina ubluu.
Umeacha white balance (mpangilio wa rangi ya mwanga kwenye kamera) kwenye alama ya jua. Kivulini mwanga unatoka kwenye anga la bluu. Weka alama ya kivuli, au Kelvini 7000 hivi.

— Hatua ya 3 haifanyi kazi, nimejaribu chini ya mwembe.
Nimeandika ukuta au baraza. Mwembe wenye kivuli kizito unafaa, ila modo akae ukingoni, siyo shinani.

— Nataka jua linalozama baharini nyuma ya modo, Coco Beach inafaa?
Swali zuri, dada. Coco inatazama mashariki, jioni jua linazamia mjini. Hapo jioni mwelekeze uso mjini, atamulikwa vizuri na bahari nyuma yake ikiwa na rangi. Ukitaka jua litokee baharini, muwe mmefika saa 11 na nusu alfajiri. La kuzama baharini, vuka Unguja: Forodhani au Nungwi.

— Modo anakunja macho.
Afumbe, hesabu hadi tatu, afumbue, piga hapo hapo. Rifulekta ya fedha iache nyumbani.

— Kwa simu je?
Bonyeza uso kwenye kioo na ushikilie hadi fokasi ijifunge, kisha vuta mwanga juu au chini. Na lenzi ifute kwanza. Alama ya kidole ikikutana na jua, picha nzima inakuwa na ukungu.

— Uso ukitoa mafuta?
Tishu. Gandamiza, usifute, poda itatoka nayo.