Ziwa Ngosi kutoka Dar: hatua kwa hatua hadi majini

Ngosi ni ziwa lililo ndani ya kreta, yaani shimo kubwa la volkeno, katika safu ya milima ya Uporoto, kati ya Mbeya na Tukuyu. Urefu wake ni kama kilomita 2.5, na ukingo wa kreta uko karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Wageni wengi huishia pale ukingoni, wakapiga picha na kugeuza. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuteremka hadi majini, na kwake yeye mambo mawili ndiyo yanayoamua safari: viatu, na saa ya kuanza kuteremka.

1. Chagua mwezi. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Wilaya hii ya Rungwe hunyesha sana, na kuanzia Novemba hadi Mei ile njia inakuwa utelezi mtupu. Juni na Julai baridi inauma. Mimi napendelea Agosti na Septemba.

2. Viatu, mwezi mzima kabla. Buti nzuri za mlimani zinapatikana kwenye mitumba ya Karume, ila usinunue kwa macho. Nyingi zina tabaka la povu la poliyurethani kati ya ngozi na mpira wa chini, na povu hilo huoza kwa unyevu hata kama kiatu kimekaa miaka kabatini bila kuvaliwa. Bonyeza kwa kidole gumba pembeni mwa kisigino. Likimeguka au likikuachia ungaunga kidoleni, rudisha mezani hata kama ngozi inang'aa. Fundi hawezi kukuokoa kwa gundi, maana kilichooza ni povu lenyewe, na soli itabanduka ukiwa katikati ya msitu. Kiatu kikipita mtihani huo, angalia meno ya soli: yawe marefu na yenye nafasi, tope lipate pa kutokea. Raba za kukimbilia ziache nyumbani. Ukikosa buti kabisa, bora gambuti.

3. Fanya mazoezi ya kushuka. Dar ni tambarare, kwa hiyo tumia ngazi za ghorofa: panda kawaida, kisha shuka polepole ukiwa na begi mgongoni. Misuli ya mbele ya paja ndiyo itakayolia Ngosi. Jumamosi nenda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ukatembee saa kadhaa ukiwa na buti zako mpya. Malengelenge yakutokee huko, si Mbeya.

4. Safiri, kisha lala Mbeya. Basi la Mbeya linaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Ni zaidi ya kilomita 800 kupitia Mikumi, mlima Kitonga na Makambako, safari ya kutwa nzima. Usishuke kwenye basi ukaunganisha na mlima. Mji wenyewe uko kama mita 1,700 juu, na usiku mmoja pale unakupa pumzi. Beba sweta zito na koti la mvua. Jinzi usivae, ikilowa haikauki.

5. Kibali na mwongozaji. Msitu huu ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo uliza ada mapema, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Asubuhi panda gari la Tukuyu kutoka Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, shuka Isongole, chukua bodaboda hadi njia inapoanzia. Mchukue kijana wa pale akuongoze na mpatane bei kabla hamjaanza. Njia za wakata kuni zinachanganya.

6. Kupanda. Anza saa 2 asubuhi. Utapita msitu mnene, mianzi na migomba mwitu. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea. Ukikata pumzi, umezidisha. Kichwa kikiuma sana au ukitapika, geuza.

7. Kuteremka majini. Kama saa 5 imepita bado hujaanza kushuka, au ukungu umefunika kreta, ishia ukingoni. Hapo sina mjadala na mtu, kwa sababu kurudi juu kunachukua muda kuliko unavyodhani na msituni giza huwahi.

Ukuta ni mkali. Geuka uangalie mlima, shuka kinyumenyume kama unashuka ngazi. Shika mzizi ulio hai, uvute kwanza ndipo uuachie uzito wako. Mwanzi mkavu usiuguse, unavunjika bila taarifa. Shukeni mmojammoja: aliye juu asubiri wa chini aseme "tayari", maana jiwe likichomoka litamfuata yeye.

8. Ukiwa chini. Usiogelee. Kingo zinazama ghafla na wa kukuokoa hayupo. Usilale wala kukaa kwenye mashimo au vibonde. Ukanda huu wa volkeno hutoa kaboni dayoksaidi ardhini (kule Kyejo, Rungwe hiyohiyo, inavunwa kibiashara), nayo ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, hutuama bondeni. Kaa mahali pa wazi penye upepo. Kula chapati na karanga zako, kunywa maji uliyobeba, na kila chupa irudi begini.

Anza kupanda kurudi ukingoni kabla ya saa 8 mchana. Kwa mwendo huo utafika barabarani mapema na kupata gari la kurudi Uyole kabla halijawa la kugombania. Tiketi ya Dar ikate ya kesho yake.