Kupuliza Rangi Vigari vya Modeli Ukiwa Pwani

Makopo ya rangi ya kupuliza yana maelezo yaleyale mgongoni: tikisa vizuri, shika mbali kidogo, piga mikono (yaani matabaka) myepesi, acha ikauke. Maelezo hayo si uongo, ila aliyeyaandika hakuwahi kupuliza rangi Kisauni, hapa Mombasa, mwezi wa nne. Wenzetu wa nchi za baridi huanza kwa kulitia kopo kwenye maji ya uvuguvugu ili rangi itoke laini. Huku kwetu kopo limepata moto lenyewe tangu dukani. Shida zetu ni nyingine, unyevu na upepo wa bahari, na karibu kila ninachoeleza hapa kinatokana na hizo mbili.

Nitatumia mfano wa kigari ninachokipenda kuliko vyote: Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971, namba 11 mlangoni. Gari lenyewe Nissan wamelihifadhi Zama, Japani. Hasegawa, watengenezaji wa modeli, wanauza seti yake ya plastiki kwa kipimo cha 1/24. Mwili mwekundu, boneti nyeusi isiyong'aa. Rangi ni mbili tu, lakini nyekundu ndiyo itakayokutoa jasho.

Kwanza ujue unanunua nini. Tamiya, kampuni ya modeli na rangi zake, wana makopo ya aina mbili yanayochanganya wengi. TS ni ya plastiki ngumu, hii ya seti za kuunganisha. PS ni ya zile bodi laini zinazopitisha mwanga za magari ya rimoti, ambazo hupakwa kwa ndani. Ukipiga PS kwenye plastiki ngumu, itaila. Ukipiga TS kwenye bodi ya rimoti, itabanduka siku ya kwanza ikigonga ukuta. Kwa Datsun yetu nachukua TS-8 kwa mwili na TS-29 kwa boneti. Tatizo ni kwamba makopo ya gesi hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, kwa hiyo usimtwike binamu anayerudi kutoka ng'ambo akuletee. Atanyang'anywa uwanjani na lawama zitakuwa zako.

Ukikosa, kopo la kawaida la duka la vifaa vya ujenzi, lile la mililita 400, linaweza kufanya kazi nzuri. Ila mdomo wake unatapika rangi nyingi kuliko kigari kinavyohitaji, na dawa iliyomo ndani, ile inayoyeyusha rangi, inaweza kuwa kali. Usilijaribu kwenye bodi. Chukua kile kiunzi cha plastiki kilichobeba vipande, kipulizie, kiache hadi kesho. Kikipasuka nyufa nyembamba au kikalainika, kopo hilo lipelekee geti la nyumba.

Bodi ioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki uliozeeka, kwa sababu vipande hutoka kiwandani na mafuta ya kuvibandulia kwenye kalibu. Mistari ya maungio ikwangue kwa wembe, kisha pitisha msasa wa maji namba 800, umalizie na 1000. Ikikauka usiishike tena kwa vidole vitupu. Mimi huisimamisha juu ya chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa mchanga, kwa maskin tepu iliyokunjwa gundi nje, ili nizungushe chupa badala ya kuzunguka mimi.

Sasa hewa. Rangi hizi hukauka kwa dawa yake kuruka, na dawa ikiruka haraka hupoza uso wa rangi. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, unyevu huo hugeuka matone pale pale juu ya rangi mbichi na kunaswa ndani. Unaona wekundu wako unapiga ukungu mweupe huku ukiutazama. Ndiyo maana alfajiri, muda ambao wengi huupenda kwa utulivu wake, kwangu ni marufuku: hapo ndipo unyevu uko juu kabisa. Alasiri unyevu hupungua lakini upepo wa bahari unakuja na vumbi la barabara nzima. Muda wangu ni kuanzia saa nne hadi saa sita, siku ambayo nguo zilizoanikwa asubuhi zinaonekana kukauka upesi. Kama nguo bado mbichi saa tano, nafunga kopo naenda zangu. Masika yakikolea napumzika kabisa, nafanya kazi za ndani ya gari kwa brashi. Na ukungu ukikupata, usikimbilie msasa. Subiri siku kavu, pitisha mkono mwembamba sana wa rangi ileile. Dawa mpya itaiyeyusha ya juu na ule weupe mara nyingi hupotea.

Mahali pa kupulizia ni boksi kubwa la kadibodi lililolazwa ubavu, barazani, mgongo wake ukiwa upande wa upepo. Feni izime. Jiko la mkaa na la gesi yawe mbali kabisa, maana kinachosukuma rangi ndani ya kopo ni gesi inayowaka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Tafuta ile yenye vichujio vya makaa wanayovaa mafundi wa gereji. Sakafu ipanguse kwa kitambaa kibichi, usimwage maji, utajiongezea unyevu bure.

Praima, ile rangi ya chini inayotangulia, usiiruke. Watu wengi hupiga ya kijivu kwa kila kitu, na kwa nyeusi au buluu hakuna neno. Lakini nyekundu haifichi kilicho chini yake. Juu ya kijivu hulala na kuwa kama damu ya mzee; juu ya nyeupe huchangamka; juu ya ile ya waridi ya Tamiya hukolea kwa mikono michache na pembe hazibaki zimepauka. Kama huna ya waridi, piga kijivu kwanza uone mikwaruzo, irekebishe, kisha funika na nyeupe.

Kopo litikise mpaka usikie gololi zinazunguka bila kukwama, halafu endelea kwa dakika nyingine nzima. Pulizia kwanza ukuta wa boksi, maana tone la mwanzo huwa nene. Kisha fanya hivi: bonyeza ukiwa nje ya bodi, mbele ya bampa, pita kwa mwendo mmoja usiobadilika, achia ukiwa umeshavuka nyuma. Usianzie wala usiishie juu ya bodi. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Anza na sehemu ngumu, yaani chini ya milango, ndani ya matao ya magurudumu na pembe za nguzo za madirisha. Paa na boneti viwe vya mwisho, kwa sababu ndivyo macho yatakapotua.

Mkono wa kwanza ni vumbi tu. Praima bado inaonekana, na unatakiwa uvumilie iwe hivyo. Baada ya dakika kumi hivi piga wa pili, mzito kidogo. Wa tatu ndio unaoleta mng'aro, na hapa ndipo ninapoachana na maandishi ya kwenye kopo. Kwa joto letu, ukishika mbali sentimita 25 chembe za rangi hukauka hewani na kutua zikiwa unga, na uso unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Mkono wa mwisho naupiga kutoka sentimita 15, kwa mwendo wa haraka zaidi. Inamisha kichwa utazame mwanga ubavuni mwa paa: utaona rangi inavyofika ikiwa na vidoti, kisha vidoti vinaungana na kuwa kioo kimoja. Vikishaungana, acha. Mpito mmoja zaidi na rangi inaanza kuchuruzika kwenye mkunjo wa mlango.

Funika papo hapo kwa beseni la plastiki lililoinuliwa kidogo upande mmoja. Kawa la ukindu ni zuri kwa sima, si kwa hili, linaangusha nyuzi. Na usipofunika, mbu wa kwanza atakayetua atabaki hapo milele.

Imekauka lini? Usiguse kwa kidole. Isogeze puani. Ikinuka, bado inatoa dawa. Haijanuka, endelea. Kwa kawaida mimi huipa siku mbili kabla ya kubandika tepu yoyote, na hewa ikiwa nzito naipa wiki.

Boneti nyeusi ndiyo yenye ufundi. Kwenye ukingo weka maskin tepu nyembamba ya modeli, kwani ile ya kahawia ya kupakia mizigo itaondoka na rangi. Ikate kwa wembe mpya ukifuata mfereji wa boneti, ukandamize ukingo kwa kijiti cha meno, kwingine funika na gazeti, hata matundu ya madirisha kwa ndani. Kabla ya nyeusi, pitisha nyekundu nyepesi juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna mwanya, utazibwa na nyekundu, na nyeusi haitapata pa kupenya. Piga nyeusi mikono miwili mikavu, haihitaji kung'aa. Tepu ivue rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe, polepole.

Vinundu vidogo vikibaki kwenye wekundu, msasa wa maji namba 2000 na tone la sabuni vitatosha, kisha polishi ya gari kwa kitambaa cha fulana. Kaa mbali na mikunjo na pembe. Pale rangi ni nyembamba na utaiona praima mara moja. Ndipo ubandike namba na maandishi. Ukitaka kuyafunika kwa TS-13, ile isiyo na rangi, mikono ya kwanza iwe vumbi kavu kabisa, kwa sababu ikifika imelowa hukunja na kuyeyusha stika.

Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, mdomo usizibe. Kisha liweke kabatini, si ndani ya gari lililoegeshwa juani: mwisho wa joto ulioandikwa kwenye makopo haya ni nyuzi 50, na dashibodi ya Mombasa mwezi wa pili hupita hapo bila taabu.